Kutoka Maoni hadi Hoja: Kikundi cha Kusoma Riwaya na Mustakabali wa Kiswahili cha Mjadala, kwa Kuiangalia Lizaboni, Songea



1. Utangulizi

Mhadhara huu unahusu jambo linaloonekana dogo. Watu wazima kumi au kumi na wawili wanakutana mara moja kwa mwezi. Kila mmoja amesoma riwaya ileile, au amesomewa. Hakuna mtihani, hakuna posho, hakuna mgeni rasmi. Wanaelezana walivyoiona kazi hiyo, wanatofautiana, kisha wanarudi majumbani. Swali linaloulizwa hapa ni hili: tendo hilo linaifanyia nini lugha ya Kiswahili, na lugha inapoteza nini pale tendo hilo linapokosekana?

Mahali palipochaguliwa kuwa kioo cha swali hili ni Lizaboni, mojawapo ya kata za Manispaa ya Songea katika Mkoa wa Ruvuma. Imechaguliwa kwa sababu ya ukawaida wake. Wataalamu wa fasihi wamezoea kumtafuta msomaji wa Kiswahili ama pwani, ambako lugha ina mizizi mirefu, ama Dar es Salaam, ambako wachapishaji na maduka ya vitabu yamejazana. Katika jiji hilo, mathalani, Soma Book Café imekuwa mahali ambapo wasomaji na waandishi hukaa pamoja na kuzungumza juu ya vitabu. Songea ipo zaidi ya kilomita 900 kutoka hapo kwa barabara. Ikiwa mjadala wa riwaya unaweza kuota mizizi katika kata ya kawaida ya mji wa bara, basi Kiswahili kimepata wasomaji wake wa kweli. Ikiwa hauwezi, itabidi kukiri kwamba riwaya ya Kiswahili imeandikwa kwa ajili ya watahiniwa.

Mazingira ya kiisimu ya Songea nayo yana uzito. Hapo Kiswahili kinakutana na Kingoni, Kindendeule, Kimatengo, Kiyao na lugha za mwambao wa Ziwa Nyasa. Kingoni chenyewe kina historia ya kufundisha: wahamiaji wenye asili ya kusini mwa Afrika waliofika katika karne ya 19 waliiacha kwa sehemu kubwa lugha waliyokuja nayo, na lugha ya Kibantu ya wenyeji ndiyo iliyobeba jina la watawala. Mtu wa Songea, kwa hiyo, anajua kwamba lugha huishi mdomoni mwa wanaoitumia, hata ikiitwa kwa jina la mwingine.

2. Maneno yenyewe yanavyosema

Kabla ya kuingia katika vitabu, inafaa kuyasikiliza maneno ambayo Kiswahili kinayatumia katika shughuli hii. Nomino *maoni* imetokana na kitenzi *ona*. Maoni ni kile ambacho mtu amekiona kutoka mahali aliposimama. Nomino *rai*, ambayo ina asili ya Kiarabu, nayo imetoka katika mzizi wenye maana ya kuona. Hivyo, kwa njia mbili tofauti, ya Kibantu na ya Kiarabu, Kiswahili kimefikia wazo moja: anayetoa maoni anatoa ushahidi wa macho yake. Hakuna aibu katika maoni ya mtu kuwa na mipaka, kwa kuwa hakuna jicho linaloona pande zote za nyumba kwa wakati mmoja.

*Hoja* ni kitu kingine. Neno hili, pia la asili ya Kiarabu, lina maana ya uthibitisho unaowekwa mbele ya mwenzako ili aupime. Maoni ni ya mtu. Hoja huwekwa mezani na kuwa ya wote. Safari kutoka maoni hadi hoja ndiyo kazi ya kikundi cha kusoma, na kila kinachofuata katika mhadhara huu kinategemea tofauti hiyo.

Neno *riwaya* nalo lisipitwe. Katika asili yake lilihusu masimulizi yanayopokewa kutoka kwa mtu mmoja na kufikishwa kwa mwingine. Msomaji anayeifunga riwaya baada ya ukurasa wa mwisho na kunyamaza ameipokea, lakini hajaifikisha. *Uhakiki*, mwishowe, una uhusiano na ukweli na kuthibitisha. Katika matumizi ya vyuo neno hili limekuwa jina la taaluma yenye istilahi zake. Katika mzizi wake linamdai mtu jambo moja tu: ahakikishe anachokisema.

3. Vikundi vilivyotangulia

Watu wazima kukaa pamoja na kitabu si jambo geni nchini Tanzania. Wakati wa uhuru, watu wazima walio wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi chini ya asilimia 10. Katikati ya juhudi hizo, mwaka 1973, iliendeshwa kampeni ya *Mtu ni Afya*. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vilivyosikiliza redio, vikasoma vijitabu kwa sauti na kujadiliana chini ya kiongozi wa kikundi.

Kampeni hiyo ilithibitisha kwamba watu wa vijijini wanaweza kukaa na maandishi ya Kiswahili wiki baada ya wiki na kuyajadili. Hata hivyo, mjadala wa *Mtu ni Afya* ulikuwa na jibu lililokwisha kuandikwa. Choo kilitakiwa kuchimbwa, maji yalitakiwa kuchemshwa, na mbu walitakiwa kuangamizwa. Kikundi kilijadili namna ya kutekeleza. Hakikuulizwa kama kinakubali, na kwa suala la afya hapakuwa na sababu kubwa ya kukiuliza. Tatizo lilijitokeza pale mtindo huohuo ulipohamia katika fasihi, na riwaya ikaanza kusomwa kana kwamba nayo ni kijitabu cha afya, yenye agizo moja la kutekelezwa liitwalo *ujumbe*.

Wilayani Songea kulikuwa na mfano wa aina nyingine. Katika miaka ya 1960, vijiji vya Chama cha Maendeleo Ruvuma, Litowa kikiwa maarufu zaidi, viliendesha maisha ya ujamaa ambamo maamuzi ya kazi, ya shule na ya mgawo yalifikiwa katika mikutano ya wanavijiji wenyewe. Chama hicho kilivunjwa mwezi Septemba 1969. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu siasa za tukio hilo. Kwa mwanaisimu, linalobaki ni kwamba katika eneo hilo kiliwahi kuwapo Kiswahili cha mkutano ambamo mkulima alitoa sababu, akajibiwa kwa sababu, na uamuzi ukabadilika kwa nguvu ya sababu. Usajili wa lugha wa namna hiyo haurithiwi kwa damu. Usipotumika katika kizazi kimoja, kizazi kinachofuata hukuta maneno yamebaki na mazoea yametoweka.

4. Msomaji mbele ya mtihani

Kwa wengi wa waliopita sekondari, riwaya ya Kiswahili ina sura ya swali la mtihani: kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, jadili. Mwanafunzi hufundishwa kuigawa kazi katika fani na maudhui, kisha kuyagawa maudhui katika dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi. Mgawanyo huo ulikuwa na manufaa yake. Ulimpa mwalimu mwenye wanafunzi wengi na vitabu vichache njia ya kufundisha, na ulimpa msahihishaji njia ya kutoa alama kwa haki.

Gharama yake haikuwa ndogo. Mwanafunzi aliyesoma muhtasari wa riwaya bila kuifungua riwaya yenyewe aliweza kufaulu, na wengi walifanya hivyo. Jambo zito zaidi ni kwamba mtahiniwa alijifunza kusema *mwandishi anatufundisha kwamba* na hakujifunza kusema *hapa mwandishi hajanishawishi*. Sentensi ya kwanza ina alama katika mwongozo wa kusahihishia. Ya pili haina. Matokeo yake, watu wenye vyeti vizuri vya Kiswahili hufika utu uzima bila kuwahi kupingana na kitabu hata kimoja. Mtu asiyewahi kupingana na kitabu atapata shida pia kupingana na tangazo, na hotuba, na mkataba aliowekewa mbele autie saini.

5. Riwaya tatu, macho ya Songea

Inafaa sasa kuzitazama riwaya tatu na kupima ni nini kinachoweza kuonekana kutoka Lizaboni ambacho hakionekani kwa urahisi kutoka katika ukumbi wa mihadhara.

Ya kwanza ni *Utubora Mkulima* ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo cha mwandishi. Mhusika mkuu anaiacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima. Darasani, riwaya hii hutumika kuonyesha maadili ya kazi na utu. Sasa aweke mtu riwaya hiyo mbele ya wasomaji wa Ruvuma, mkoa unaotegemewa kwa mahindi, ambako mkulima anajua bei ya mbolea, anajua maana ya mvua kuchelewa mwezi Desemba, na anajua kupanga foleni ya kuuza mahindi kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Msomaji wa namna hiyo atauliza maswali ambayo wahakiki hawajayauliza vya kutosha. Shamba la Utubora linalipa? Utulivu wake umetokana na kilimo, au na akiba na elimu aliyokuja nayo? Mwandishi amemsifu mkulima, au amesifu ndoto ya mkazi wa mjini kuhusu mkulima? Maswali haya yanamheshimu Shaaban Robert, kwa sababu yanamchukulia kuwa ni mtu aliyedai jambo kuhusu dunia. Atakayemtetea naye atakuwa na la kusema: kwamba kazi hiyo ina mkondo wa hadithi ya maadili, na kwamba kuidai hesabu ya magunia ni kuidai kisichokuwa chake. Hapo mjadala wa utanzu unazuka wenyewe, bila mtu yeyote kutamka istilahi.

Ya pili ni *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo kwa muda ilipigwa marufuku shuleni. Rosa analelewa Ukerewe na Zakaria, baba mlevi na mkali, ambaye anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti huyo anapotoka kwenda kusoma mbali, uhuru unamkuta bila maandalizi, na mwisho wake ni kifo. Kwa mwanafunzi, swali la nani mwenye kosa ni zoezi. Kwa chumba chenye mababa na mamama wenye mabinti wanaosoma bweni, ni swali la nyumbani. Baba mmoja anaweza kusema kwamba ukali wa Zakaria haukuwa kosa, kosa lilikuwa pombe. Mama mmoja anaweza kujibu kwa neno moja tu lenye uzito: *mbona*. Mbona Zakaria aliogopa barua ya mvulana kuliko alivyoogopa njaa ya wanawe? Mwingine atauliza kuhusu Regina, mke na mama: ukimya wake ni subira, au ni ushirika katika kosa? Hakuna mwongozo wa kusahihishia unaoweza kulifunga swali hilo. Ni hapo ndipo inapoonekana kwamba kuificha riwaya hiyo kwa vijana kuliwanyima pia wazazi kitabu cha kujadiliana nao.

Ya tatu ni *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999 na kutengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anaikimbia ndoa hiyo na kuingia katika Zanzibar ya vuguvugu la kupinga ukoloni. Kwa msomaji wa Songea, kikwazo cha kwanza ni msamiati. Kiswahili cha mitaa ya Unguja kina maneno ambayo mzungumzaji wa bara huyasikia kwa nadra au huyatumia kwa maana nyingine. Msomaji aliye peke yake huliruka neno. Kikundi hakiliruki: aliyewahi kuishi Unguja atalieleza, mwenye kamusi atalitafuta, na mwingine atatoa neno la Kingoni au Kiyao linalokaribiana nalo. Katika dakika hizo tano, watu wanafanya kwa pamoja kazi ya leksikografia: wanalinganisha muktadha, wanapendekeza fasili, wanaikataa, wanaiboresha. Usanifishaji wa Kiswahili tangu miaka ya 1930 umefanywa na kamati. Kuenea kwake, hata hivyo, hakukutegemea kamati peke yake. Kulitegemea pia watu walioulizana maana.

Mfano mmoja wa tamthiliya unastahili kuongezwa, kwa sababu ya mahali. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, inahusu Vita vya Majimaji na imejikita Umatumbi na Rufiji. Songea ni mji ambao tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji 67, na ambao kila mwaka huikumbuka siku hiyo kwenye eneo la makumbusho. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo na kuomba radhi. Msomaji wa Songea anaishika tamthiliya hiyo akiwa na makaburi karibu naye, na ana haki ya kuuliza mbona sauti za watu wake zinasikika kwa mbali. Atakumbushwa pia kwamba Hussein mwenyewe alitanabahisha kuwa Kinjeketile wake ni wa ubunifu. Kati ya dai hilo na jibu hilo kuna somo zima kuhusu uhusiano wa fasihi na historia, na mwenye kulianzisha ni msomaji.

6. Sarufi ya kutokubaliana

Husemwa mara nyingine kwamba adabu ya Kiswahili inazuia mjadala. Kwamba kijana aliyemwamkia mzee *shikamoo* mlangoni hawezi kumpinga baada ya dakika kumi. Uchunguzi wa lugha yenyewe hauungi mkono dai hilo. Kiswahili kina zana nyingi za kutofautiana bila kuvunjiana heshima, na wazungumzaji wazuri huzitumia kila siku barazani, msibani na kwenye vikao vya harusi.

Kipo *naona*, ambacho hupunguza dai hadi kuwa ushahidi wa macho ya msemaji. Kipo kiambishi *-nge-*, kinachomruhusu mtu kujadili kosa la mhusika kwa kujiweka mahali pake: *ningekuwa Regina, nisingenyamaza*. Kipo *siyo hivyo tu*, ambacho hukubali na kuongeza ilhali *sivyo* peke yake hufunga mlango. Kipo *ila*, ambacho hupokea sifa zote za kauli iliyotangulia na kuiwekea mpaka: *Mzee amelieleza vizuri, ila kuna ukurasa mmoja ameuacha*. Kipo *mbona*, ambacho hudai sababu na papo hapo hueleza mshangao wa anayeuliza. Katika sentensi iliyotolewa mfano, kijana hakumwambia mzee amekosea, amempeleka ukurasani. Ukurasa ndio unaompinga.

Hii ndiyo faida kubwa ya riwaya kama chombo cha mjadala. Wanaobishana juu ya Zakaria hawabishani moja kwa moja juu ya baba wa mtu aliyeketi chumbani. Wote wanajua kwamba wanazungumza juu ya nyumba zao, na wote wanalindwa na ukweli kwamba Zakaria ni mhusika wa kitabuni.

Swali la haki huulizwa hapa: je, maoni yote ni sawa? Kama fundi, mkulima na mhadhiri wote wana maoni, taaluma ya uhakiki ina kazi gani? Jibu limo katika tofauti iliyowekwa mwanzoni. Maoni yote yana haki sawa ya kusikilizwa. Hoja hazina nguvu sawa. Anayesema riwaya ni mbaya kwa sababu haikumpendeza ametoa maoni. Anayesema sura za mwisho zinaharakisha matukio kiasi kwamba mabadiliko ya mhusika hayaaminiki, na akazionyesha sura hizo, ametoa hoja, hata kama hakuwahi kukanyaga chuo. Mhakiki wa chuo naye akija bila ukurasa, amekuja na maoni tu.

7. Masharti ya utekelezaji

Kikundi cha namna hii kina masharti machache. La kwanza ni nakala. Riwaya moja kwa watu kumi si kikwazo ikiwa inasomwa kwa sauti, sura moja moja, kwa zamu. Mapokeo ya Kiswahili yanajua jambo hili, kwani tenzi zilisomwa kwa wasikilizaji kwa muda mrefu kabla ya kusomwa kimya. Kurudufu kitabu kizima, kwa upande mwingine, ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ni kumnyang'anya mwandishi kwa jina la kumpenda.

La pili ni kalenda. Songea ina msimu mmoja mrefu wa mvua. Kikundi kitakachopanga riwaya nene mwezi Desemba, watu wakiwa mashambani, kitakufa kabla ya Machi. Miezi ya kilimo ifae hadithi fupi. Miezi ya baada ya mavuno ifae kazi ndefu. Kazi ngumu kama *Nagona* ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, zisubiri mwaka wa pili.

La tatu linahusu uongozi. Mwenyekiti awe wa zamu, na pakiwa na mwalimu wa fasihi, asiwe wa kwanza kusema. Akianza yeye, wengine watanukuu.

La nne ni kwamba kikao kisifungwe kwa *tumejifunza nini*. Kifungwe kwa kuandika katika daftari jambo moja ambalo wajumbe hawakukubaliana, pamoja na sababu za pande zote mbili. Daftari la namna hiyo, likitunzwa kwa miaka mitano, litakuwa hazina kwa wanafunzi wa upokezi wa fasihi. Taaluma ina maktaba nzima ya walichosema wahakiki kuhusu riwaya ya Kiswahili, na ina machache mno kuhusu walichosema wasomaji.

8. Hitimisho

Katika miaka ya karibuni juhudi nyingi zimeelekezwa kwa mwandishi. Tuzo ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014; Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023; na *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobeli wa mwaka 2021, ilipata tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis iitwayo *Peponi*. Hatua hizo zinastahili pongezi. Lakini tuzo humtafutia mwandishi waamuzi watatu au watano. Wasomaji hatafutiwi na tuzo.

Kiswahili kimethibitisha kwamba kinaweza kuamuru, kuhubiri, kutangaza, kuimba na kufundisha. Kinachotakiwa kulindwa ni uwezo wake wa kuwafanya watu wazima wabadili mawazo kwa sababu mwenzao ameonyesha ukurasa. Uwezo huo haukai katika kamusi wala katika sera ya lugha. Unakaa katika vyumba vidogo, jioni moja ya mwezi, pale mtu anaposema *naona*, mwingine akamuuliza *mbona*, na wa tatu akafungua kitabu.